Nani Ametia Maji Vanila Yangu

Vanila yangu haikai jikoni. Wanaonijua wameshazoea, ila mgeni hushangaa akiniona nimeacha unga kwenye beseni, mikono imejaa siagi, naelekea chumbani kufungua sanduku la vitenge. Humo ndimo inamolala, kwenye chupa ya kahawia yenye kifuniko cha kubana, imeviringishwa kitambaa, chini kabisa. Jikoni kuna moto, na moto unaichosha. Dirishani kuna jua, nalo linaichosha vilevile. Friji nayo haifai, na kama umeweka samaki humo ndani, usiniulize. Songea kwenyewe ni baridi, sanduku linatosha.

Wenzangu hapa Mfaranyaki wanaoka kwa ile vanila nyeupe ya dukani. Sina ugomvi nao, ila ile uisome tarehe kabla hujalipa, na ukishaifungua usiikalishe mwaka wa pili ukadhani bado unayo vanila. Yangu ni ya maganda ya mmea wenyewe. Nina mpangaji, mwalimu wa sekondari, mtu wa Bukoba, na kila akirudi kutoka likizo ya Desemba huniletea fungu la maganda meusi, malaini, yanayonata vidoleni. Nayapasua kwa wembe, nayaloweka kwenye pombe kali, natikisa kila wiki, na mvua zikiisha inakuwa tayari. Fungu moja linanipa chupa mbili. Hizo mbili ndizo zinazonivusha mwaka mzima, kipaimara, komunyo ya kwanza, harusi, jubilei za masista.

Vanila ya maganda haiozi, lakini ukiitunza vibaya inafifia. Ndiyo maana naikagua. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, nikitoka misa ya asubuhi, kabla sijavua kilemba, natoa chupa sandukuni, naiinua kwenye mwanga, halafu nanusa. Harufu ikifika nyuma ya macho, ni nzima. Ikiishia puani, imeanza kuchoka. Isiposikika kabisa, imekufa, na mimi siwalishi watu kitu kilichokufa. Sheria hiyo nimeishika tangu nilipofiwa na mume wangu, nikaanza kuoka ili nisishinde chumbani nalia.

Jambo lingine la kujua mapema ni kwamba mdomo wangu hauna breki. Nimegombana na wauza mkaa, nimegombana na kwaya, fundi aliyenitengenezea oveni ya mkaa akiniona sokoni anabadilisha njia. Sijisifu. Ndivyo nilivyo, na ningekuwa vingine haya ninayoyasimulia yasingetokea.

Mwanangu wa pekee ni bwana shamba huko Namtumbo, huja mwisho wa wiki. Mkewe na mtoto wao mdogo wanaishi na mimi. Huyu mkwe wangu ni binti wa Bombambili, hapahapa Songea, mpole, wa maneno ya kuhesabu. Siku moja nilitia chumvi kwenye chai yake badala ya sukari. Alikunywa kikombe kizima, akasema, "Asante, mama." Niligundua nilipokunywa changu, nikatema mpaka ukutani. Nikamuuliza, sasa wewe ulikuwa unakunywa nini? Akatabasamu, akainama, akachukua vikombe kwenda kuosha. Wengine wangempenda kwa hilo. Mimi lilinikera, maana mtu asiyesema utamjuaje?

Juni ile mafua yalinipiga wiki mbili mfululizo. Baridi ya Songea ya mwezi huo mnaijua, upepo unapita mpaka chini ya mlango. Mkwe alinichemshia majani ya mkaratusi, akanifunika shuka nivute mvuke, akanikorogea uji. Nikapona. Nikaamka na njaa, ila chakula hakikuwa na ladha. Nikasema maharage ya mwaka huu ni ya ovyo. Nikasema mchicha wa siku hizi ni mbolea tupu. Nikasema mkwe hajui kuunga mboga. Kila kitu kilikuwa na kosa isipokuwa mimi.

Ijumaa ya kwanza ya Julai nikatoa chupa ya kwanza, iliyokuwa imebaki nusu. Nikanusa. Kimya. Nikatikisa, nikanusa tena. Hakuna kitu, kama vile nimenusa kikombe cha maji. Iliniuma, lakini sheria ni sheria. Nikaenda nayo nyuma ya nyumba, kwenye karo la kuoshea vyombo. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni na ndoo.

"Mama, usi…"

"Usi nini?"

"Hapana, mama."

Nikamwaga mpaka tone la mwisho. Namkumbuka alivyokuwa ameshika ile ndoo kwa mikono miwili, anaangalia maji ya kahawia yanavyoingia mtaroni. Nikadhani anashangaa ukali wangu.

Nikafungua chupa ya pili. Hii nikajiambia naisikia kwa mbali. Nilikuwa na keki ya kipaimara ya kuoka, nikaweka vijiko viwili kama kawaida, nikanusa mchanganyiko, kimya. Nikaongeza viwili. Keki ikaiva vizuri, nikaikata kilele ili ikae sawa, mkwe akala yale makombo ya juu kama anavyofanya siku zote, nikaipamba, ikaenda. Wenye sherehe walisema asante. Hapa kwetu mtu halalamikii keki ya sherehe mbele yako, atakuambia asante na mwakani atakwenda kwa mwingine. Mimi nilisikia asante nikaridhika.

Tangu hapo vijiko vikawa vinne. Agosti nikaoka za harusi mbili, Septemba ya komunyo. Watu wakasifu kwelikweli, mama mmoja alinipigia simu Jumatatu kuniambia wageni wake waligombania kipande cha mwisho. Nikamwambia mkwe, umeona? Vijiko vinne ndiyo dawa. Akasema, "Ndiyo, mama," akaendelea kuchambua mchele.

Agosti na Septemba, kwa wingi wa kazi, sikuikagua chupa. Ijumaa ya kwanza ya Oktoba nikaiinua kwenye mwanga. Vanila yangu huwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, unaona kidole chako upande wa pili. Hii ilikuwa imepauka, tena ina ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Nikadondosha tone kidoleni, nikalamba. Ule ukali wa pombe unaochoma ulimi haukuwepo. Nikajua papo hapo kwamba imetiwa maji. Sanduku lile tunalifungua watu wawili tu, mimi, na mkwe ninapomtuma.

Nikamwita. Alikuja anafuta mikono kwenye kanga.

"Vanila yangu umeitia maji?"

Akapiga magoti palepale mlangoni. "Nisamehe, mama."

Hakusema si mimi. Hakusema sijui. Nikaja juu. "Hiyo iliyotoka umeipeleka wapi?" Nikauliza mara tatu, anaangalia sakafu. Sasa dada yake mkubwa huko Bombambili alikuwa ameanza kuuza vipande vya keki na maandazi mbele ya nyumba yao. Jamani, mtu mwenye hasira hakosi ushahidi. Nikayaunganisha yote dakika ileile, nikatoka naye mpaka barazani, nikafungua mdomo huu.

"Mwizi! Unamwibia mama mkwe wako ukampe dada yako! Nimekupa nyumba, nimekupa mwanangu, hujashiba?"

Bodaboda zilipunguza mwendo kutusikiliza. Yeye aliingia ndani, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka na mfuko mdogo wa nguo. Akapiga magoti tena, mbele ya watu wale wote.

"Naomba ruhusa niende nyumbani, mama."

"Nenda," nikamwambia. "Nenda na usigeuke nyuma."

Jioni mwanangu akapiga simu kutoka Namtumbo. "Mama, kuna nini? Nimemuuliza mwenzangu, hataki kusema." Nikamwambia hataki kwa sababu ana aibu. Nikakata simu, nikakaa na nyumba yangu. Hakuna mtoto anayelia, hakuna anayetwanga. Nikajiambia afadhali.

Ilipita kama wiki moja. Jirani yangu akaja kuazima ungo. Huyu ni Mwislamu wa Tunduru, mume wake alihamishiwa hapa kikazi, tumekaa ukuta kwa ukuta miaka mingi. Keki zake nazioka kwa maganda ya chungwa, kwa sababu ya ile pombe kwenye vanila. Alifika kwenye kizingiti akasimama, akaziba pua kwa ncha ya mtandio.

"Subhanallah! Dada, umefuga nini humu?"

"Nimefuga nini kivipi?"

"Hawa dagaa! Harufu nimeikuta getini. Wameoza hawa, dada."

Dagaa walikuwa kwenye beseni chini ya meza. Niliwanunua Jumamosi, wa Nyasa, hawakuwa wamekauka vizuri, nikawasahau. Nikaliinua lile beseni mpaka usoni. Chini walikuwa wanatembea funza. Nikavuta pumzi kwa nguvu zote, na sikusikia chochote.

Nikatua beseni. Nikachukua kitunguu saumu nikakiponda, nikanusa. Nikafungua kidumu cha mafuta ya taa. Nikachukua sabuni ya unga, nikachukua dawa ya kuchua. Jirani ananiangalia tu. Kimya, kimya, kimya, kila mahali kimya. Nikakaa kwenye kigoda. Niliogopa, nasema kweli. Nilimwona mwokaji wa keki asiye na pua akija, na alikuwa mimi.

Nikamletea ile chupa ya sandukuni. Nikamwambia, ninusie.

"Mimi na pombe, dada?"

"Kunusa tu, hujanywa."

Akacheka, akasogeza pua kwa tahadhari. "Inanukia," akasema. "Imechujuka kidogo, lakini inanukia. Na ile uliyomwaga, uliyosema imekufa?"

Nilikuwa nalifikiria lile karo, na nusu chupa nzima niliyoimwaga kwa mkono wangu.

Daktari aliyenipima alisema mafua yanaweza kufanya hivyo, huenda pua ikarudi, huenda isirudi, ninuse vitu vikali kila siku na nisubiri. Sawa. Lakini maji yalibaki kuwa maji. Kwa nini ayatie? Hilo halikunipa usingizi, na kila nilipofumba macho nilimwona pale barazani, mtoto mgongoni. Kama nilikosea chupa ya kwanza, niliikosea na ya pili?

Jumamosi nikamchukua jirani, maana jambo la wakwe huendi peke yako, tukabeba sukari na mchele, tukapanda bodaboda mbili mpaka Bombambili. Mama wa binti alitupokea vizuri kiasi kwamba ilizidi kuniumiza. Akatoa viti, akaleta maji ya kunywa. Tukaongea mvua zilivyochelewa. Tukaongea mbolea. Tukaulizana afya za watu ambao wote tulijua ni wazima. Mwishowe jirani akakohoa, na yule mama akamwita binti yake.

Alikuja, akakaa kwenye mkeka, macho chini.

"Mwanangu," nikasema, "mimi pua yangu imekufa. Nimejua wiki hii. Sasa niambie tu ukweli. Maji ulitia?"

"Nilitia, mama."

"Kwa nini?"

Alipoanza kusema alisema na ule mkeka, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akisema maneno mengi mfululizo.

"Siku ile ulipomwaga chupa kwenye karo, harufu ilinifikia mlangoni. Nikajua husikii. Halafu keki ya kipaimara nilikula yale makombo, yalikuwa machungu, yananuka kama hospitali. Nikaogopa watu watakukimbia. Na nikaogopa utamwaga na hii ya pili, na nyingine hakuna mpaka mwalimu arudi kutoka likizo. Ndiyo nikatoa nusu, nikajazia maji ya kuchemsha yaliyopoa, ili vijiko vyako vinne viwe kama viwili."

"Na hiyo nusu iko wapi?"

"Ipo kwako, mama. Chumbani, nyuma ya begi la nguo za mtoto. Sikutoka nayo."

Yesu na Maria! Nilitamani sakafu ipasuke. Dada yake mwenye maandazi alikuwa nje anakaanga, tunamsikia, na mimi nilikuwa nimemtangaza mbele ya mtaa mzima.

"Sasa kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

Mama yake akasema, "Sema, mama ameuliza."

"Ungeacha kuoka," akasema. "Na ukiacha kuoka, ungerudi kukaa chumbani, kama ulivyokaa baba alipofariki. Mume wangu alinisimulia."

Jirani yangu akafuta macho waziwazi. Mama wa binti akapiga makofi mawili madogo kwenye mapaja yake, akasema, "Basi, wazee wangu, yameisha." Jirani akaitikia, "Yameisha, alhamdulillahi." Na mimi nikasema, "Yameisha." Chai ikaletwa.

Ndivyo tunavyofanya watu wazima. Ukishafika, ukakaa, sukari yako ikapokelewa, jambo limefungwa, na hakuna atakayekudai neno la zaidi. Neno lenyewe la kuomba msamaha sikulisema. Lilikuwa mdomoni, nikalimeza pamoja na chai, na niliona nafuu kwamba hakuna aliyeliuliza. Hiyo nafuu ndiyo inayonitia aibu hadi leo.

Kesho yake mwanangu akamrudisha yeye na mtoto. Mkwe alinisalimu vilevile, akashika ufagio vilevile. Nyumba ikapata sauti tena. Lakini tulikuwa tunapishana jikoni kama wageni waliokutana zahanati, kila mmoja anampisha mwenzake kupita kiasi.

Wiki hiyo nilikuwa na keki ya jubilei, sista mmoja alikuwa anatimiza miaka ishirini na mitano ya utawa, ukoo wake mzima unatoka vijijini kuja kusherehekea. Ijumaa asubuhi tukapiga siagi na sukari, tukavunja mayai, tukachekecha unga na hamira ya keki. Mkaa ukashika kwenye oveni. Kisha mkwe akaenda chumbani kwake akarudi na chupa. Alikuwa ameiweka kwenye chupa ya kahawia, kifuniko kimekazwa, imeviringishwa kwenye nepi safi ya mtoto. Akaniwekea mezani.

"Weka wewe," nikamwambia.

"Mimi, mama?"

"Wewe. Mimi nitakosea."

Akapima vijiko viwili, polepole, hakudondosha hata tone. Nikakoroga. Akainama juu ya beseni akavuta pumzi, na mimi nikamwangalia uso, maana ndiyo pua niliyobaki nayo.

"Inanukiaje?"

Akafikiri. "Kama zamani, mama."

"Zamani ya lini?"

"Kabla hujaniita mwizi."

Akajiziba mdomo kwa mkono wenye unga. Nadhani lilimtoka kabla hajalipima. Nilisikia mkaa unapasuka ndani ya oveni. Mwiko ulikuwa mkononi mwangu, na hasira yangu, ambayo haijawahi kuchelewa hata siku moja, niliisubiri na haikuja.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema. "Nilikuita mwizi mbele ya watu na hukuwa mwizi. Nisamehe."

Nilidhani atasema yameisha. Alitoa mkono mdomoni, unga umembaki mashavuni.

"Niliumia, mama," akasema. "Niliumia sana. Njia nzima mpaka Bombambili nilikuwa najiuliza…" Akaangalia beseni. "Keki, mama."

Mchanganyiko ukishatiwa hamira hausubiri. Ukiuacha unakufa, keki inatoka nzito na fupi, na hakuna mwokaji asiyejua hilo. Nikausukuma pembeni, nikavuta kigoda, nikakaa.

"Sema," nikamwambia. "Sema yote."